Katibu Aliyeandika Kila Jina

Katika miaka yote niliyomfahamu, Katibu hakuwahi kuandika "mwananchi mmoja alisema." Aliona ni uvivu, tena ni aina ya wizi. Mtu akisimama kwenye mkutano wa kata akasema jambo, jambo hilo liliingia kwenye daftari pamoja na jina lake, jina la baba yake na mahali anapokaa: Majengo, Ilembo, au huko mashambani upande wa Litapunga. Kisha, kabla watu hawajatawanyika, Katibu alivaa miwani yake, ambayo mkono wake mmoja ulikuwa uzi, akasimama na kusoma kumbukumbu zote tangu mwanzo hadi mwisho. Kila alipofika kwenye jina alinyanyua macho, akamtafuta mwenye jina kati ya watu.

"Ndivyo ulivyosema?"

Mtu alitakiwa kujibu, "Ndivyo." Asipojibu, tulikaa. Mwenyekiti angeweza kukohoa, akina mama wangeweza kulalamika kwamba watoto wana njaa, Katibu alisimama tu na kidole chake kwenye mstari.

Wageni waliona tunapoteza muda. Sisi wenyeji tulilalamika pia, lakini nadhani tulipenda. Niliwahi kumwona mkulima wa mpunga, mtu wa makamo asiyejua kusoma, akifunga vifungo vya shati lake aliposikia jina lake likikaribia. Alikuwa amesema tu kwamba daraja la miti limeoza. Katibu aliposoma maneno yale, yakiwa yamenyooka na hayakupunguzwa, yule mkulima alijibu "Ndivyo" kwa sauti ya mtu anayekula kiapo.

Sitaeleza Katibu alizaliwa wapi wala watu wake ni nani. Hakupenda kuulizwa, na kwa haya ninayotaka kuyaandika haihitajiki. Inatosha kusema kwamba hakuwa mtu wa Mpanda. Alikuja enzi za mgodi akiwa karani, mgodi ukafungwa, wenzake wakaondoka, yeye akabaki. Kipimbwe, lugha ya baadhi ya wenyeji, hakukijua zaidi ya salamu.

Mimi alinifundisha kuandika. Nilikuwa nimepita miaka thelathini, nabeba mizigo kwenye ghala la stesheni, na jioni naenda kwenye darasa la watu wazima. Baada ya mwaka mmoja aliangalia mwandiko wangu, akasema, "Wewe huna haraka. Njoo unisaidie." Tangu hapo nilikuwa nanakili kumbukumbu za mikutano. Tulitumia karatasi ya kaboni, nakala tatu kwa mara moja, na ilibidi kukandamiza kalamu mpaka vidole vife ganzi ili karatasi ya chini isomeke. Moja ilibaki kwetu, moja alipewa Mwenyekiti, moja ilikwenda wilayani.

Alikuwa mrefu na mwembamba. Alivaa kaptula ya kaki na soksi zinazofika magotini, hata Oktoba wakati joto la Mpanda linamfanya mtu achukie nguo. Kalamu moja ilikaa mfukoni na nyingine ndani ya soksi, kwa sababu, alisema, ya mfukoni kila mtu anaiazima. Hakuvumilia maneno ya "watu wanasema." Ukimwambia watu wanasema sukari imefika dukani, alikuuliza, "Nani amesema?" Ukishindwa kumtaja, kwake sukari haikuwa imefika.

Siku moja alichelewa mkutano kwa sababu baiskeli ilipasuka tairi. Alipofika alifungua daftari akaandika, na mwisho wa mkutano akatusomea: Katibu alifika akiwa amechelewa, bila sababu ya kuridhisha. Akanyanyua macho, akajitafuta kati yetu, akajibu mwenyewe: "Ndivyo." Watu walicheka mpaka Mwenyekiti akapiga meza. Katibu hakucheka. Sidhani kama alijua alikuwa amechekesha.

Na bado mtu huyu aliyetaka kila mmoja aseme hakutaka neno nyumbani kwake wakati wa kula wala wakati wa taarifa ya habari. Mkewe alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyeuza maandazi sokoni. Nilikuwapo siku moja mama huyu alipoanza kumweleza habari za jirani, na mume akainua mkono kumnyamazisha.

"Aa, baba," mama alisema, "huko mkutanoni unawang'ang'aniza watu waseme. Mimi ukinitaka niseme nipande juu ya meza?"

"Sikiliza redio."

"Redio nayo ina jina? Mwandike basi." Akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyu mwenzenu, siku nikifa ataniuliza kama ndivyo."

Kitu alichokipenda kuliko vyote ni wanafunzi wa Chuo Kikuu. Miaka ile walikuwa wachache sana kutoka kwetu, ungeweza kuwataja wote bila kuvuta pumzi. Likizo ndefu ilipokaribia, Katibu alijua siku ya treni yao kutoka Tabora kabla hata mama zao hawajajua. Alikwenda stesheni na baiskeli ili awabebee masanduku, nami nikiwa ghalani nilimsikia.

"Wasomi wetu! Mmeshiba vitabu?"

"Tumeshiba, Katibu. Tunataka ugali sasa."

"Ugali mtaupata. Lakini Jumamosi hakuna ugali, ni maswali tu. Nyie mnakaa benchi la mbele."

Hiyo Jumamosi iliitwa siku ya wasomi. Ilikuwa desturi yake mwenyewe. Sijaisikia mahali pengine. Wanafunzi walikaa mbele ya mkutano, na watu wakawauliza chochote: kwa nini bei ya jembe inapanda, mwezi umeundwa na nini, sheria ya ardhi inasemaje. Na wao waliruhusiwa kuuliza. Nakumbuka bibi mmoja wa Majengo aliyesimama kwa fimbo akamwelekea kijana wa Ilembo anayeitwa Deo, aliyekuwa anasomea uchumi.

"Wewe unayesoma kwa jembe langu, utarudi lini?"

"Nikirudi, bibi, utanipa shamba?"

"Nitakupa jembe. Shamba katafute mwenyewe kama sisi."

Katibu aliyaandika yote, na yote aliyasoma.

Deo huyu nilimfahamu tangu akiwa shule ya msingi, kwa sababu kwao Ilembo ni jirani na kwa mjomba wangu. Alikuwa na tabia ya kuuliza kwa upole, kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza kama maji yamechemka. Katibu alimpenda waziwazi. Alikuwa akisema, "Huyu atakuja kukaa kwenye kiti changu, na atakikalia vizuri kuliko mimi."

Ulikuwa mwaka wa watu kuhamishiwa vijijini. Katika mkutano wa likizo ya mwaka huo alikuwepo mgeni kutoka wilayani, na tangazo lilikuwa kwamba watu wanaoishi mashambani upande wa Litapunga wahamie kwenye kijiji kipya kabla ya mwezi kwisha. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani, hayajavunwa. Kila mtu pale aliyajua hayo, na kila mtu aliangalia miguu yake. Mama mmoja kutoka huko alijaribu kusema, kisha akamgeukia Katibu: "Mimi niandike mtu tu." Katibu akamjibu, "Mtu tu ndiyo nani?" Mama akakaa.

Deo akasimama kwenye benchi la mbele.

"Kuhamia kijijini sipingi," alisema. "Nauliza jambo dogo. Nani alichagua mwezi?"

Mgeni alisema swali litajibiwa kwa wakati wake. Mwenyekiti akaingia kwenye ajenda ya choo cha soko.

Mwishoni Katibu alisoma kama kawaida. "Ndugu Deogratias, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, mkazi wa Ilembo, aliuliza: nani alichagua mwezi? Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo."

"Ongeza sauti, wa nyuma hawajasikia."

"Ndivyo!"

Watu walipiga makofi. Katibu alikuwa anang'aa. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Nilimwona mgeni akitoa kijitabu kidogo akaandika, halafu akakirudisha.

Siku mbili baadaye nilikaa kunakili. Nilipofika kwenye mstari ule kalamu ilisimama. Nilimwita Katibu.

"Hii inayokwenda wilayani, tuandike 'mwanafunzi mmoja'?"

Alinitazama bila hasira. "Ulimsikia akisema ndivyo?"

"Nilimsikia."

"Sasa unataka kumnyang'anya maneno yake?"

Nilikandamiza kalamu, na jina lilitoka vizuri kwenye karatasi zote tatu. Nayaandika haya kwa sababu watu wakimlaumu Katibu, ni lazima wajue mwandiko ulikuwa wangu.

Hawakumfunga Deo. Hakupigwa. Aliitwa kwenye ofisi moja, ambayo haina haja ya kutajwa, akaambiwa akae kwenye benchi la nje asubiri. Jioni aliambiwa arudi kesho. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Mama yake alimletea chakula kwa miguu kutoka Ilembo, kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, na hakuna aliyemwambia mwanawe ana kosa gani. Nilipita pale karibu kila siku nikienda posta na barua za stesheni. Juma la kwanza alikuwa anasoma kitabu. Juma la pili kitabu kilikuwa kimefungwa magotini. Juma la tatu hakuja na kitabu. Treni ya wenzake iliondoka, Chuo kikafunguliwa, naye yuko kwenye benchi.

Katibu alikwenda kumwombea mara nne, nilihesabu. Mara ya nne alirudi akiwa na furaha ya mtu aliyepata dawa. Walikuwa wamempa sharti: Deo aandike barua ya kukiri kwamba alisema kwa utoto na bila kufikiri, aisome mbele ya watu wale wale, kisha aende zake masomoni. Katibu alimsaidia kuiandika. Alikaa naye mchana kutwa, akimtafutia maneno yasiyouma. Kwa uaminifu wote aliokuwa nao, aliamini anamtoa mtu mtoni.

Deo aliisoma siku ya mkutano, kwa sauti ya kawaida. Alikunja karatasi, akakaa. Mkutano uliendelea, ukafika mwisho, Katibu akasimama kusoma kumbukumbu. Akafika kwenye jina. Na kwa mazoea tu, kwa miaka yote ile ya kufanya jambo moja kwa namna moja, alinyanyua macho.

"Ndivyo ulivyosema?"

Nadhani alijua neno lilipokuwa linatoka. Mkono ulioshika daftari ulishuka kidogo. Lakini lilikuwa limetoka, na watu wote walikuwa wanasubiri.

"Ndivyo," alisema Deo.

Chuoni alifika akiwa amechelewa sana. Aliurudia mwaka.

Likizo iliyofuata Katibu alikwenda stesheni na baiskeli yake. Wanafunzi walishuka, wakamwamkia kwa heshima zote, wakabeba masanduku yao wenyewe. Jumamosi benchi la mbele lilikuwa tupu. Mmoja alikuwa na homa. Mwingine alikwenda kwa shangazi Sumbawanga. Wa tatu alikuwa anamsaidia baba yake kuezeka. Deo hakurudi nyumbani kabisa. Katibu aliandika: Wanafunzi, hawakufika. Akasoma hivyo, na hakukuwa na wa kumuuliza kama ndivyo.

Mwaka uliofuata, vivyo hivyo. Mjini maelezo hayakukosekana. Wengine walisema wasomi wana kiburi. Wengine walisema ni suruali pana za bugaluu na muziki wa dansi, kwamba kijana akishaona Dar es Salaam hawezi tena kukaa akisikiliza habari za daraja lililooza. Mwenyekiti alisema hawana uchungu na nchi. Niliyachukua maelezo hayo moja moja nikayapima, maana ndiyo tabia yangu. Kiburi? Vijana hao hao walilima na baba zao na kubeba maji na dada zao. Suruali? Deo alivaa bugaluu siku ile alipouliza. Uchungu sikuwa na mizani ya kuupimia.

Mwishowe nilimuuliza mmoja wao ghalani, alipokuja kuchukua kifurushi. Alitazama mlango kwanza.

"Kaka, sisi tukimaliza tunapangiwa kazi," alisema. "Anayetupangia anajua kusoma." Kisha akatabasamu, akaniomba nimfungie kamba vizuri.

Hayo sikumwambia Katibu. Yeye alibaki na maelezo yake, kwamba vijana wamechoka na masomo, kwamba mwakani watakuja. Alisema hivyo mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa tatu hakusema kitu, lakini benchi aliliweka. Alilibeba mwenyewe kutoka darasani, akaliweka mbele, akalipangusa vumbi kwa kitambaa. Mkewe aliwahi kuniambia, bila utani wowote, kwamba siku za mikutano hiyo mumewe hali chakula cha jioni.

Kumbukumbu nazo zilibadilika. Zamani zilijaa kurasa nane, tisa. Sasa kurasa mbili zilitosha. Watu wazima nao walijifunza. Walikuja, walikaa, waliitikia, walipiga kura za mikono. Kwenye nakala zangu maneno "wajumbe wote walikubali" yalianza kujirudia sana, nami vidole havikuuma tena.

Alistaafu ukatibu macho yalipoanza kumsumbua. Kiti chake alipewa kijana mmoja mwepesi wa kuandika, ambaye hakuwa akisoma chochote kwa sauti, na watu walifurahi kurudi nyumbani mapema.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza ni mwaka huu. Tulisikia Deo amekuja likizo kumwangalia mama yake anayeumwa. Alikuwa na kazi ofisini Dar es Salaam, kazi nzuri. Katibu alikuja ghalani kwangu asubuhi.

"Nipeleke Ilembo. Njia siioni vizuri."

Tulikwenda taratibu, nikimshika kiwiko. Njiani hakusema anakwenda kufanya nini, ila niliona amevaa soksi safi.

Deo alitupokea vizuri mno. Alitoa viti nje, akatuamkia wote wawili, akamwita mdogo wake alete chai. Mdogo wake huyo, Tazia, alikuwa amemaliza kidato cha sita na jeshi, anasubiri kwenda Chuo. Alikuwa na ile ile namna ya kuinamisha kichwa upande.

Katibu hakugusa chai.

"Mwaka ule," alisema, "niliandika jina lako."

"Ulikuwa unafanya kazi yako, Mzee."

"Nimekuja uniambie nilivyokosea."

"Hukukosea, Mzee. Kunywa chai, itapoa."

"Nitukane basi. Mimi siyo katibu tena. Sina daftari. Hata ningekuwa nalo, macho sina."

"Mzee wangu, mambo yamepita yale. Mvua huku vipi mwaka huu?"

Katibu aligeuza uso kunitafuta, kama mtu aliyepotea anayetaka kuonyeshwa mlango. Nikasema mvua ilikuwa ya wastani. Deo akasema Dar nako joto. Alizungumza kwa utulivu na adabu, na hakuna hata neno moja kati ya yale aliyosema ambalo mtu angetaka kuliandika.

Kisha Katibu akaelekea mahali aliposikia vikombe.

"Na wewe, binti. Umekaa hapa nyumbani siku kadhaa. Ungepewa kusimama mkutanoni, ungesema nini?"

Tazia aliweka birika chini. Uso wake ulifunguka. Ilikuwa miaka mingi sijaona uso wa namna ile.

"Mimi nimeona pale zahanati, Katibu. Mama amekwenda mara tatu, na kila akifika..."

Deo akasema kitu kwa Kipimbwe. Hakupaza sauti wala hakumtazama. Alikisema kama mtu anayeomba chumvi, huku anapuliza chai yake. Tazia alifunga mdomo.

"Kila akifika?" Katibu aliuliza. Alikuwa ameinama mbele, mikono yote miwili juu ya magoti.

"Wanampokea vizuri," Tazia alisema. "Zahanati ni nzuri, Katibu."

Tulikaa kidogo, tukaaga. Deo alitusindikiza mpaka njiani, akampa Katibu mkono kwa mikono yake miwili.

Tulikuwa tumeshapita mashamba ya Ilembo Katibu aliposimama.

"Wewe unajua Kipimbwe," alisema. "Mama yako ni Mpimbwe. Yule kijana alimwambia nini dada yake?"

Nilikuwa nimesikia kila neno. Alimwambia: Usiseme. Hawa wawili ndio walioandika.

"Alimwambia aangalie uji jikoni," nikasema. "Ulikuwa unafurika."

Katibu aliitikia kwa kichwa polepole, akalitafuta bega langu kwa mkono, akashika.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Alikuwa ameanza vizuri. Uliona? Alikuwa ameanza vizuri kabisa." Tulitembea hatua chache. "Basi turudi keshokutwa, mchana, tumkute hana kazi za jikoni. Utanileta?"

"Ndiyo, Katibu," nikasema.